Faini ya Mtani

Habari ya msiba ilimkuta Mwanamvua jikoni, anakuna nazi. Mleta habari hakumaliza hata kusema. Alitamka "Bi Hafidha..." tu, kifuu kikamtoka Mwanamvua mkononi. Alilia kwa sauti, majirani wakasikia. Kisha akanyamaza ghafla, akafuta uso kwa pindo la khanga, akasema jambo ambalo mtu aliyefikwa na msiba hasemi.

"Mwanawe atakuja leo. Leo hana pa kukwepa."

Ukitaka kuielewa hasira ile, sharti umjue huyo mwanawe. Kabla hajaitwa Mheshimiwa, Abdulwahab alikuwa na duka Msata, pale njia panda malori yanaposimama. Aliuza saruji, misumari, bati na majembe. Na alikuwa muuzaji kwelikweli! Ukiingia kununua misumari unatoka na bati, na bado unajiona wewe ndiye uliyesaidiwa. Alijua jina la mkeo, la mama mkwe wako, na la mbuzi wako aliyezaa juzi. Bibi kizee akipita barabarani anatoka nje ya kaunta kumwamkia: "Shikamoo bibi, magoti yanasemaje?" Nani asingempenda mtu kama huyo? Hata Mwanamvua alimpenda. Walikua pamoja Fukayosi, wakachapwa na mwalimu mmoja, na juu ya hayo yote walikuwa watani.

Utani wenyewe si ule wa kuchekeshana kwenye kahawa. Ukoo wa Mwanamvua na ukoo wa Abdulwahab wametaniana tangu enzi za mababu. Akifa mtu huku, wa kule ndio wanaoosha maiti, wanaochimba kaburi, wanaobeba. Na kwa kazi hiyo wana haki yao. Watamsema marehemu, watamsimanga mfiwa, wataziba mlango jeneza lisitoke mpaka walipwe faini. Walichochukua msibani hakidaiwi. Na mfiwa, awe nani awe nani, hakasiriki. Akikasirika, kauvunja utani, na mwenye kuuvunja utani atajua mwenyewe nani wa kumzikia. Mtoto wa Fukayosi analijua hilo kabla hajajua kuvaa kandambili.

Basi siku moja muuza majembe akalibeba jembe begani. Akasema anagombea ubunge. Kila mkutano, jembe begani. Kila picha ukutani, kuanzia Lugoba mpaka baharini, Abdulwahab na jembe lake, kanyoosha ngumi. "Mimi ni mkulima mwenzenu! Wao wana magari, mimi nina jembe!" Watu wakachizika. Na sisi watu wa pwani, tukishapenda maneno, tumekwisha.

Lakini lililowamaliza kabisa watu wa Fukayosi ni Mkwajuni. Mkwajuni lilikuwa shamba la mkonge la zamani, mwenyewe kaondoka miaka na miaka, likawa pori la nguruwe. Wanakijiji wakalifyeka kwa mikono yao, wakapanda mihogo na mananasi. Mwanamvua alisomesha watoto kwa mananasi ya Mkwajuni, akaezeka nyumba kwa mananasi ya Mkwajuni. Hofu yao ilikuwa moja tu, kwamba ipo siku atatokea mtu aseme pale ni pake.

Abdulwahab akapanda jukwaani, akaliinua jembe juu. "Mkwajuni ni yenu! Wakitaka kuwatoa, waanze na mimi!" Akalia. Wallahi, alilia machozi kabisa, akayafuta kwa mkono wa shati. Wanawake wakapiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Mwanamvua alivua khanga yake mpya ya juu, akaitandika chini kwenye vumbi ili Mheshimiwa mtarajiwa apite juu yake. Akapita. Khanga ile Mwanamvua hajaivaa tena. Kila akiiona kabatini anajitukana.

Kwa nini anajitukana? Ngoja. Uchaguzi ukaisha, akashinda, akarudi kijijini na sauti ileile ya dukani. Jamani, wapima ardhi wanakuja. Msimu huu msilime, acheni shamba litupu lipimwe vizuri, kila mtu apate chake kwa haki. Watu wakaacha. Walimwamini, wakaacha kwa hiari yao, hakuna aliyewafukuza! Mvua za kwanza zilipodondoka wakakuta nguzo, seng'enge, geti la chuma, na mlinzi mgeni anayewauliza wanatafuta nini. Walipomwendea mbunge wao akawaambia watulie. Kuna wakubwa huko juu wanamhujumu. Anapambana nao.

Mwanamvua alimfuata mpaka ofisini. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, mdomo mkavu. Mheshimiwa alipotoka alimkumbatia, "Mtani wangu huyu!", akamwita mpiga picha, wakapigwa picha, na Mwanamvua alipofungua mdomo mlango wa gari ulikuwa umekwisha kufungwa. Picha ilizunguka kwenye simu za watu wilaya nzima. Mheshimiwa na mama mkulima. Mama mkulima gani asiye na pa kulima?

Na Bi Hafidha naye, mama mzazi wa mtu huyo, alikuwa na kipande chake palepale Mkwajuni, ndani ya seng'enge. Mwanawe alimwambia apumzike, ahamie kwake Msata kwenye nyumba ya ghorofa. Bibi akakataa. Alibaki Fukayosi kwenye nyumba yake ya udongo, akawa anachuma tembele uani. Mwanamvua alikuwa akimpelekea maji na kumtania kama ilivyo ada.

"Wewe mchawi, hujafa tu?"

"Nakungoja wewe uje uninyonge, mvivu wee."

Wakacheka. Lakini siku za mwisho, kifua kimembana, bibi alimshika mkono na hakucheka. "Mtani, siku yangu ikifika msimwachie mwanangu hivihivi. Mtozeni."

Maneno hayo ndiyo Mwanamvua aliyokuwa nayo kichwani alipoingia kumwosha.

Alimwosha kwa mikono yake, yeye na wanawake wenzake wa ukoo wa watani, polepole, kwa maji ya vuguvugu. Alimtania mpaka mwisho, "Leo unaogeshwa kama bibi harusi, wewe mchafu," na machozi yanamdondoka. Kaka yake, Mwinjuma, mkubwa wa wachimbaji, alikuwa na vijana kwenye makaburi ya ukoo, nyuma tu ya nyumba, upande wa pili wa michungwa. Milio ya majembe ilisikika mpaka chumbani.

Kisha milio hiyo ikafunikwa na honi. Msafara ukaingia, magari meupe marefu, vumbi hadi kwenye sufuria za ubwabwa. Yakashushwa maturubai, viti, na, amini usiamini, spika. Spika msibani! Vijana wenye fulana za chama wakaanza kuwapanga wazee wa watu wakae wapi. Mpiga picha akatangulia, Mheshimiwa akafuata, kanzu nyeupe pe, miwani nyeusi. Akapewa kipaza sauti. Akaanza kwa kumlilia mama, akamalizia kwa barabara ya lami.

Mjomba wake, Mzee Pazi, ndiye mkubwa wa ukoo, na kwao mjomba ana sauti kuliko baba. Alikaa kwenye mkeka, anatazama chini. "Abdulwahab," alisema, "maiti hacheleweshwi." Basi akashusha kipaza sauti.

Jeneza likainuliwa ndani. Wabebaji walipofika mlangoni wakasimama. Mwanamvua alikuwa kalala kizingitini, kajinyoosha kutoka mwimo hadi mwimo, mikono kifuani.

Watu wakacheka, maana walilitarajia hilo. Msiba usio na mtani ni msiba wa mtu baki. "Haya, faini! Faini!" wakaimba wanawake. Hata Mheshimiwa akatabasamu. Akavua miwani, akatoa noti mfukoni, akazidondosha kifuani kwa Mwanamvua huku akimtupia jicho mpiga picha.

"Mtani wangu, kula, ushibe, tumpeleke mama."

Mwanamvua alizipangusa noti zile kama anayefukuza inzi.

"Sitaki noti. Nataka jibu. Mkwajuni ni ya nani?"

Kicheko kikakatika. Mheshimiwa alikohoa, akaigeukia hadhara. "Ndugu zangu, suala la Mkwajuni tunalifanyia kazi. Kuna mabepari ambao..."

"Hebu koma!" Mwanamvua alisema palepale alipolala. "Usinihutubie. Hapa si mkutanoni, hapa ni mlangoni kwa mama yako, na mimi ni mtani wako. Nimekuuliza swali la mtoto mdogo. Ni ya nani?"

Abdulwahab alichuchumaa, akamwinamia sikioni. Harufu ya manukato yake ilimpalia Mwanamvua kooni. "Mwanamvua, usinitie aibu mbele za watu," alinong'ona. "Nitakupa kiwanja Lugoba. Kizuri, kando ya barabara. Wewe peke yako. Inuka."

Hapo ndipo hasira ilipompanda hasa. Kuibiwa alikuwa amekwisha kuzoea. Kilichomchoma ni kwamba mtu huyu, aliyemjua tangu wanatokwa makamasi, alidhani bei yake ni hiyo.

"Jamani eee!" akapaza sauti mpaka chini ya michungwa. "Mheshimiwa ananipa kiwanja Lugoba! Mimi peke yangu! Nyie wengine mtakula nini, muulizeni!"

Kelele zikazuka. Wanawake wakagonga sufuria. Na Abdulwahab, aliyekuwa na maneno kwa kila mteja na kila mpiga kura, aliishiwa maneno. Uso ukamwiva. Alisimama, akapiga kelele kama anayefukuza mbwa.

"Mtoeni huyu mwendawazimu hapa! Mtoeni!"

Mlinzi wake alikuwa mtu wa mbali, hajui mila wala desturi. Alimshika Mwanamvua miguu, akamburura hadi uani, khanga ikachanika, ikamvuka, akabaki na gauni la ndani mbele ya wanaume. Mwanamke mmoja alivua mtandio wake upesi akamsitiri.

Mfiwa kamkasirikia mtani! Kamburura mtani msibani! Wazee walitazamana, na mmoja wao akatamka kwa sauti ndogo, "Astaghfirullah." Kule nyuma milio ya majembe ilikoma.

Mwinjuma alikuja taratibu, udongo hadi magotini, na wachimbaji wote nyuma yake mikono mitupu. Alimtazama dada yake aliyekaa chini. Kisha akamtazama Abdulwahab.

"Kaburi limefika kiunoni," alisema. "Lililobaki chimba mwenyewe."

"Mwinjuma, kaka, nilighadhibika tu..."

"Si ndiyo nasema. Ulighadhibika. Chimba."

Mheshimiwa aliwageukia vijana wake wa fulana. Wengine waliangalia viatu vyao. Mmoja alisogea, lakini bibi mmoja akamwambia, "Thubutu, wewe! Ushike jembe la kaburi la watani, uone," na kijana akarudi nyuma. Jeneza lilikuwa bado mabegani mwa wabebaji, ndani ya mlango. Adhana ya alasiri ilikuwa inakaribia.

Ndipo Mzee Pazi alipoinuka. Alijishika kiuno, akamsogelea mpwa wake. "Mama yako anangoja, Abdulwahab. Una mambo mawili. Mjibu mtani, au chimba. Si una jembe? Wilaya nzima tumeliona. Kalilete."

Mtu angefanya nini? Akaenda mwenyewe kwenye gari, akafungua nyuma, akalitoa jembe lile la kwenye picha. Alilibeba begani kwa mazoea, halafu nadhani aligundua anavyoonekana, akalishusha. Umati ulimfuata hadi kwenye michungwa. Wanawake walisimama upande wao, nao waliona kila kitu. Mwanamvua alisimama mbele yao wote, na mtandio wa kuazima.

Mwinjuma alilichukua jembe, akaligeuzageuza. Akalitia kucha kwenye makali, kisha akaliinua watu walione. Rangi ya dukani ilikuwa bado imelifunika hadi ncha, nyeusi, inang'aa, na kibandiko cha duka la Msata hakijabanduka.

"Jembe bikira hili," alisema Mwinjuma.

Abdulwahab aliingia kaburini na kanzu yake. Akainua, akapiga. Udongo wa Fukayosi, ukivuka kiuno, si mchezo. Akapiga tena. Mkulima yeyote angejua kwamba mpini haukutiwa kabari wala haukulowekwa maji, ulichomekwa tu pale dukani ili upigwe picha. Pigo lililofuata, jembe likachomoka mpinini, likaruka, likaangukia miguuni mwa wanawake. Yeye akabaki kashika fimbo. Kisha akaketi chini, ndani ya kaburi la mama yake, na akalia. Na safari hii hakumtazama mpiga picha.

"Zimeni simu," alisema.

"Msizime," alisema Mwanamvua.

"Limeuzwa," alisema Abdulwahab.

"Sijasikia!"

"Limeuzwa!" Sauti ilimpasuka. "Mkwajuni nimeiuza mimi. Hakuna wakubwa, hakuna mabepari. Ni mimi. Niliwaambia msilime ili mnunuzi alikute tupu. Haya, mmesikia?"

Wamesikia. Mwanamvua alikuwa ameingoja kauli ile muda mrefu, alidhani itampoza. Haikumpoza hata kidogo. Alihisi kama kaanza kuibiwa upya.

"Mama yako alijua?" aliuliza.

Abdulwahab aliufunika uso kwa mikono yake yenye udongo. "Ndiyo maana alikataa kuja kwangu," alisema.

Mzee Pazi alimnyooshea mkono, akamtoa kaburini kama anavyotolewa mtoto. Mwinjuma aliangalia upande wa dada yake, na Mwanamvua akatikisa kichwa kukubali. "Mfiwa kajibu," Mwinjuma alisema. "Shikeni majembe. Bibi yetu kachoka kungoja."

Wakachimba, na wakachimba vizuri, maana Bi Hafidha hakuwa na kosa. Akaswaliwa, akazikwa, akasomewa, na watani walimwaga udongo wakimtania kwa upendo hadi donge la mwisho. Mheshimiwa alisimama kando. Spika ziliondolewa bila mtu kuagiza.

Mwanamvua aliliokota jembe pale lilipoangukia, akalifunga kwenye khanga iliyochanika, akaenda nalo nyumbani. Keshoye akaja kijana mwenye fulana. Mheshimiwa anaomba jembe lake, ni mali ya kampeni.

"Kamwambie hiyo ndiyo faini. Kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi. Asipojua, amuulize mjomba wake."

Alikata mti wa mdaa, akauchonga mpini. Akauloweka, akatia kabari, akapigilia kwa jiwe hadi jembe likanyamaza kabisa mpinini. Hakuibandua rangi wala kibandiko. Hitima ilipokwisha, alikwenda nyumba hadi nyumba, akasema mambo machache tu.

Alfajiri iliyofuata wanawake wa Fukayosi walitoka na miche ya mananasi vichwani, majembe mikononi, na Mwinjuma na wenzake nyuma yao. Walinyoosha hadi kwenye geti la chuma la Mkwajuni. Mlinzi alitoka kibandani akifikicha macho.

"Nyie mnakwenda wapi? Nani kawaruhusu?"

Mwanamvua aliliinua jembe juu, kama lilivyoinuliwa siku ile jukwaani. Mlinzi alilitazama. Ukutani mwa kibanda chake mwenyewe palikuwa na picha, Abdulwahab kanyoosha ngumi, jembe lilelile begani, kibandiko kilekile.

"Kawatuma Mheshimiwa?" aliuliza mlinzi, mkono tayari kwenye kufuli.

"Jembe si unaliona?" alisema Mwanamvua. "Alisema mwenyewe, wakitaka kututoa waanze na yeye. Fungua."

Mlinzi akafungua. Waliingia wote, na kila mtu akaenda kwenye kipande chake bila kuuliza, maana mipaka waliijua kwa miguu. Kipande cha Bi Hafidha kilikuwa kimeota magugu hadi kifuani. Mwanamvua alikianza hicho kwanza. Alijua mnunuzi atakuja, na polisi watakuja, na Mheshimiwa atatafuta maneno mengine ya kusema. Na waje. Alitema mate viganjani, akainua jembe la Abdulwahab, akapiga, na safari hii likaingia hadi shingoni.